Baba Anainywesha Maji Boti ya Faiba

Mshauri Tonka mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hapa Betina vicheko vimeshatosha, anachekwa baba yangu lakini masikio yanayosikia ni yangu. Jina langu liache. Nina miaka arobaini na sita, nauza dawa hapa kijijini, na baba yangu ni Jerko, ambaye kila mtu anamwita Fundi Jerko kwa sababu ameunda mashua za mbao kwa miaka hamsini na nusu ya mafundi wa pwani hii wamejifunzia kazi mikononi mwake. Mama alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Tangu hapo baba akawa mtu wa kukaa jikoni akitazama ukuta, hanyoi, hali, ukimwekea supu unaikuta imepoa na ukimuuliza anasema, "Nimeshakula," mimi na mume wangu Tihomir tukawa tunapeana zamu ya kupita kumtazama kama bado anapumua, hadi ile dhoruba ya Novemba ilipokata kamba za boti moja ya tanga iliyoundwa kwa faiba, hizi kubwa za watalii kulala ndani na kuzunguka visiwani, ikaipigiza kwenye miamba, usukani ukavunjika, ubavu ukapasuka, mkuku, ule uti mzito wa chini unaoizuia isipinduke, ukalegea, wenyewe wakaisusa, nami nikainunua, nikaileta karakanani na kumwambia baba, "Hii hapa, itengeneze."

Akaizunguka mara mbili, akaigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Plastiki." Kesho yake asubuhi alikuwa kazini.

Tangu siku hiyo anakula sahani mbili za mboga na viazi na dagaa wa kukaanga, ananyoa, anagombana na watu, kwa kifupi amerudi, ila Mshauri, anaifanyia faiba kila kitu alichokuwa akiifanyia mbao. Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu inakauka, mbao zinasinyaa na viungo vinaachana, kwa hiyo maisha yake yote amejua kwamba chombo kilicho nchi kavu lazima kinyweshwe, basi kila asubuhi anachota maji ya bahari ndoo kwa ndoo anaimwagia ubavuni, anaifunika magunia mabichi jua lisiiguse, na nyufa zote za kuzunguka mkuku amezikalafati kwa pamba na puti akapaka rangi juu, ukiiona utasema imetoka kiwandani. Nilimwambia, "Baba, nimesoma kwamba faiba iliyopasuka inatakiwa ikauke kabisa kwanza, ndipo izibwe." Akanijibu, "Wewe mwanangu uza vidonge. Nikianza kukohoa nitakuja kwako."

Wanaume wa karakanani wanajua, tena wanajua vizuri, saa nne wakikaa na mkate wao na samaki wa chumvi wanaulizana, "Vipi, viazi vya Jerko vimechipua?" lakini mwenyewe akitokea wanasimama na kusema, "Kazi nzuri, Fundi!" Pave, ambaye anatengeneza faiba kila siku ya Mungu na alifundishwa kazi na baba, nilimshika shati nikamwambia amweleze, akasema, "Dada, huyu mzee alinizaba kofi mwaka themanini na nne kwa kukalafati vibaya. Leo nimwambie mimi kwamba hajui?"

Sasa ungamo langu. Wiki tatu zilizopita baba alipokwenda Šibenik kung'olewa jino, nilimleta mkaguzi wa boti kwa siri. Akagonga kwa nyundo yake ndogo, penye uzima pakatoa mlio mkavu, karibu na mkuku pakatoa sauti nzito iliyokufa, akaweka kipimo cha unyevu na mshale ukaenda hadi mwisho, akanitazama akauliza, "Samahani bibi, kuna mtu anaimwagilia hii boti?" Nikasema mvua. Aliandika karatasi kwamba mkuku unaweza kung'oka wakati wowote ikiwa baharini, na hiyo karatasi nimeificha dukani nyuma ya makopo ya maziwa ya watoto, na baba alipouliza yule mtu aliyeonekana akiigonga boti ni nani, nilisema ni mtalii Mjerumani.

Ningeendelea kunyamaza, Mshauri, lakini Jumapili ya kwanza ya Julai ni misa ya Tarac, kule kisiwani, vyombo vyote vinakwenda, na baba alimwahidi mama pale hospitalini kwamba mwaka huu atawapeleka wenzake mama wa kwaya. Ni wanawake sita, mdogo wao ana miaka sabini na moja, wanaojua kuogelea ni wawili, na wameshagawana nani ataoka nini. Nikimwambia baba ukweli, naona kabisa atarudi kwenye kile kiti cha jikoni na safari hii hatanyanyuka. Nisipomwambia, najua yanayoweza kutokea. Tihomir anasema tuuibe usukani. Mimi nimefikia kuwaza nijivunje mguu ili safari iahirishwe. Nisaidie, sijui nishike lipi.

Muuza dawa, Betina


Muuza dawa,

Pole kwa mama yako. Hiyo naisema mwanzoni kwa sababu nikishaanza mengine sitakuwa na nafasi.

Boti hiyo haiendi Tarac. Haiendi hata ng'ambo ya ghuba, hata bahari ikiwa imelala, hata kwa dakika kumi za majaribio. Wale wanawake sita umewaandika kama kichekesho, nami nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kila mmoja ana watu wanaomsubiri arudi. Itoe karatasi nyuma ya hayo makopo leo hii na utoe nakala. Ikifika katikati ya Juni na boti bado inaandaliwa kushushwa majini, nakala hiyo iende ofisi ya mkuu wa bandari ili waizuie, na uipeleke wewe mwenyewe, si Tihomir. Tihomir aachane na usukani. Na wewe mguu wako unauhitaji, kazi yako ni ya kusimama.

Tuje kwa mzee. Usimpelekee karatasi, na usimlete mkaguzi aje kumsomea hukumu mbele ya wanaume wanaokula mkate. Mimi ni mtoto wa fundi wa mashua wa kisiwa cha Zlarin, watu hawa nimekua nao nyumba moja. Marehemu baba yangu alikuwa akitafuta uozo kwa kugonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza, na baba yako hakika alifanya hivyo hivyo kwa miaka hamsini. Kwa nini hii hajaigonga? Kwa sababu aliiita plastiki, akaona haina la kumwambia. Nendeni wawili tu, siku ya mapumziko, karakana ikiwa tupu. Mpe nyundo. Mwambie agonge mbele, halafu agonge karibu na mkuku, kisha funga mdomo. Masikio yake hayajazeeka. Akishasikia, ndipo umweleze kwamba maji ndiyo yaliyozidisha ubovu, kwamba mkaguzi alikuja, kwamba hakukuwa na Mjerumani yeyote. Hilo la Mjerumani mwombe radhi, maana ni kosa lako, halimhusu yeye.

Atakutukana. Atanuna siku tatu, pengine wiki. Mpelekee chakula, kiweke mezani, ondoka, usimbembeleze. Siku ya nne Pave aje amwonyeshe kazi inavyofanywa: puti yote ikwanguliwe, magunia yatupwe, boti iwekewe paa na hewa, ikauke majira yote ya joto, izibwe kwa faiba mpya ikishakauka kweli, iingie majini mwakani. Pave akizabwa kofi la pili atalimudu, sasa ni mtu mzima.

Na ahadi ya hospitalini haijavunjika. Alimwahidi mama yako kuwapeleka wanawake, hakumwahidi kuwapeleka ndani ya faiba iliyopasuka. Betina haijakosa mashua za mbao, nyingine amezijenga mwenyewe. Muombeni mwenye mojawapo mapema, kabla hajajaza watu wake, na mzee ashike usukani. Waambie wanawake waendelee kuoka.

Sasa lile ambalo hukuniuliza.

Unaandika kwamba boti imemrudisha. Mimi naona imemrudisha nusu. Kila asubuhi mzee anakosea mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kinasimama na kumwambia kazi nzuri, halafu kinacheka akigeuka. Wewe mwenyewe unamdanganya, unamficha karatasi, unamtafutia visingizio. Mnaita hiyo heshima. Naijua heshima ya aina hiyo, binti yangu, ndiyo tunayoitoa kwenye mazishi, pale ambapo hakuna tena haja ya kumwambia mtu ukweli.

Niambie, mama yako angemwacha aimwagilie faiba kwa muda gani? Nimekaa na wake wa mafundi, nadhani asingefika ndoo ya pili. Angetoka na aproni yake, akamwita mpumbavu kwa sauti ya kusikika hadi kanisani, naye angefoka, na jioni wangekula pamoja. Unadhani mzee alipotazama ukuta wa jikoni alikuwa akikosa kazi. Alikuwa akimkosa mtu wa kumwambia amekosea.

Kamwambie. Ni karibu mwaka sasa hajaambiwa.

Tonka