Neno Lisilotamkwa Katika Chumba cha Mayai

Berma, 6 Januari

Mwanangu Rabab,

Natumai baridi ya bahari huko Iskandaria haijakuingia kifuani. Sisi huku wazima, ila mbuzi wa mama yako mkubwa Inshirah amekula pazia la sebuleni na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Usishangae kupata karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Simu yangu Inshirah huisoma kabla yangu, na hili sitaki alijue. Zaghlul, dereva anayeleta mayai huko, atakufikishia mkononi.

Mwezi wa kumi na moja nilipigwa na baridi ya uso, upande wa kulia ukapooza. Mdomo umerudi mahali pake, alhamdulillahi, lakini kope ya kulia imekufa ganzi. Wewe umekulia humu kwenye jengo la kuangulia mayai, unajua maana yake. Miaka arobaini nimeweka yai kwenye kope hiyo. Likichoma nafungua tundu la paa, likiwa baridi naongeza taa. Kope ya kushoto iliungua nikiwa kijana, haijawahi kunifaa. Sasa naweka yai naona kama nimeweka jiwe. Nakunja uso kama mtu anayejua, kisha nabahatisha.

Mara mbili nimeangua hivyo na vifaranga wakatoka vizuri, Mungu kanisitiri. Mara ya tatu naogopa. Tarehe mosi Februari naingiza mayai elfu nne ya wanawake wa kijiji. Yakiharibika watapeleka mayai yao kwenye mashine za mjini, na jengo la babu yako nitalifunga kwa mkono wangu.

Baba yako anasema unachezea vibao vya umeme vinavyopima joto. Je, kipo cha mzee mwenye kichwa kigumu?

Baba yako mkubwa,
Abdulghaffar


Iskandaria, 13 Januari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Pole sana kwa uso. Mimi mzima, kazi tu inanikaba. Kipo, na Zaghlul anakuletea: kibao kidogo kama kiberiti, waya wa kupimia joto, kengele, na kompyuta yangu kuukuu ya kukiandikia.

Lugha yake ni ndogo, nami nimeibadilisha izungumze kama sisi. Fikiria trei za mayai: ya mwisho kuwekwa juu ndiyo ya kwanza kuondolewa. Nambari nazo hupangwa rundo hivyo hivyo. Andika 30, kisha 7, kisha jumlisha. Kinachukua zile mbili za juu, kinaacha 37. Kikiridhika, kinakujibu "sawa".

Utamu wake uko hapa: unakifundisha maneno mapya. Andika nukta mbili, jina la neno, maana yake kwa maneno ambayo kibao kinayajua, kisha nukta mkato. Kuanzia hapo neno ni lako. Ila kila unachokiweka juu ya rundo, kitumie au kiondoe. Neno la kuondoa ni tupa. Usiache trei zikafika darini.

Na mwambie Mama Mkubwa. Ugonjwa si aibu.

Mwanao,
Rabab


Berma, 31 Januari

Rabab mwanangu,

Salamu zako zimefika na kibao kimefika, vyote vizima. Wewe je, unakula? Baba yako anasema umekonda.

Wiki mbili nimekaa na kitu hiki. Siku ya kwanza nilikitukana, ya tatu tukaelewana. Neno langu la kwanza nimeliita kope: linasoma joto. La pili, angalia: linaita kope, linatengeneza nakala, linailinganisha nakala na 37, na joto likipungua linapiga kengele. Nimekiambia kifanye hivyo kila saa. Kimenijibu sawa! Inshirah hajaniambia sawa tangu tuoane.

Nimemwambia ni redio. Akakitazama, akasema, "Redio isiyoimba na mume asiyesema, nimepata pea," akaenda zake.

Habari ya kumwambia, niachie. Aliolewa na mpima mayai. Mpima asiyehisi ni nani ndani ya nyumba hii? Naona haya, mwanangu, hilo ndilo neno lake.

Kesho baada ya alasiri mayai yanaingia, nami nakianzisha kibao. Utuombee.

Baba yako mkubwa,
Abdulghaffar


Berma, 12 Februari, asubuhi

Rabab,

Salamu baadaye, Zaghlul anangoja mlangoni.

Kibao kimesimama. Siku kumi kimefanya kazi kama saa ya msikitini, leo saa mbili asubuhi kimeandika "rundo limejaa" na kunyamaza. Kengele haitalia tena. Nyuma ya karatasi nimekunakilia maneno yangu yote, soma uone ugonjwa uko wapi.

Lile neno moja la kuondoa sikuliandika. Unajua mwenyewe: ndani ya chumba cha mayai halitamkwi wala haliandikwi mpaka kifaranga wa mwisho atoke. Yai bovu tunasema limesafiri. Babu yako alimfukuza mfanyakazi kwa neno hilo. Nilidhani nambari moja moja haina uzito.

Nimesimama na yai mkononi na sijui ni la moto au la baridi. Inshirah yuko jikoni anakata vitunguu vya kupika mahshi. Sina mwingine wa kumwomba. Naenda.

A.


Iskandaria, 14 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimepiga simu mara nne. Mama Mkubwa akapokea, akasema, "Yuko kwenye mayai, hajambo," akakata. Nina wasiwasi.

Ugonjwa nimeuona, na kosa ni langu. Nimekulia humo nikasahau mwiko. Kila saa neno angalia linatumia ile nakala, nambari yenyewe inabaki juu ya rundo. Kibao kina nafasi mia mbili hamsini na sita. Piga hesabu: ishirini na nne kwa siku, siku ya kumi na moja zimejaa.

Dawa: lifiche lile neno ndani ya neno lako. Nukta mbili, safirisha, halafu lile lisilotamkwa, nukta mkato. Kisha weka safirisha mwishoni mwa angalia. Utaliandika mara moja tu maishani. Toka nje ya jengo na kibao na kompyuta, liandike barabarani, kisha urudi ndani. Mayai hayatasikia.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Rabab


Berma, 23 Februari

Rabab mwanangu,

Mimi mzima, Inshirah mzima, na vifaranga elfu tatu mia sita na kumi na wawili wazima, wanapiga kelele siwezi kusikia kalamu yangu.

Siku ile niliingia jikoni nikamwambia, "Inshirah, sihisi."

Akasema, "Ulihisi lini?"

Kisha akaniona uso. Akanawa mikono, akalichukua yai, akaliweka kwenye kope yake. "Yamepoa kidogo. Washa taa mbili za ukutani, ya katikati usiiguse." Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Miaka thelathini na nne nakaa na mpima mayai, nilikuwa natazama ukuta?"

Dawa yako niliiandika barabarani, nimekaa juu ya kreti. Mwenye duka la falafeli akapiga kelele, "Abdulghaffar, umeitoa kompyuta iote jua?" Kibao kikanijibu sawa.

Sasa tuko watatu: kibao kinapima, Inshirah anapima, mimi nabeba trei. Nimepumua, mwanangu.

Baba yako mkubwa,
Abdulghaffar


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko mwingine)

Rabab binti yangu,

Hujambo? Bahasha hii nimeifungua kama nilivyozifungua zote. Zaghlul ni mtoto wa dada yangu. Barua ingepita wapi?

Zile mara mbili anazosema Mungu kamsitiri ni kweli, ila Mungu alinituma mimi. Akitoka kwenda kuswali naingia, napima, narekebisha taa. Nilijua tangu siku ya kwanza: yai la moto lilimwachia alama nyekundu kwenye kope naye hakushtuka.

Ningeweza kumwambia. Nilitaka aje mwenyewe. Miezi mitatu nimengoja, na alipoingia jikoni na yai mkononi nililia, nikasingizia vitunguu.

Usimwambie. Kibao kiache huku, kimenipunguzia safari.

Mama yako mkubwa,
Inshirah