Unyoya Nilioukataza

Ndugu yangu Hamadi,

Mungu akupe amani hapo ulipolala. Ni mimi jirani yako, Mwalimu Khatibu.

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na kolekole wamerudi mwambani kama warudivyo kila kaskazi. Mwanao Makame hushuka maji yanapoanza kujaa, lakini huvua kwa chambo cha dagaa. Wavuvi wa Mkoani wanavua kwa unyoya na kurudi na mitungo mizito. Yeye hurudi na changu wawili watatu, na ana mke na mama wa kulisha. Juzi nilimwuliza kwa nini hafungi manyoya kama ulivyokuwa ukifunga. Alinijibu kwa adabu: “Si weye, Mwalimu, uliyesema ni haramu?”

Nilinyamaza. Ninakuandikia kwa sababu nilinyamaza.

Tulisimama wawili mwambani siku ile, kila mmoja na ufito wake wa mwanzi. Mimi nilikuwa na ngisi mbichi. Wewe ulikuwa na unyoya wa jogoo mweupe, umeufunga kwenye ndoana kwa uzi mwekundu. Uliutupa, ukauvuta kidogo kidogo juu ya maji, ukapata kolekole watano. Mimi sikupata hata mmoja. Ulinipa wawili, ukanitania: “Chukua, Mwalimu, mkeo Bi Asha asije akasema ulikwenda kuoga.” Nilicheka. Moyoni niliungua.

Kesho yake barazani, mbele ya watu, nilisema kwamba kumtegea kiumbe chakula kisichokuwapo ni udanganyifu, na pato lake ni haramu. Sikuwa nimelisoma jambo hilo popote. Nililitunga njiani, nikirudi nyumbani na samaki wako mkononi. Nilipolitamka, nilikuwa nimekwisha kuwala.

Hukubisha. Ulisema tu, “Weye ndiye uliyesoma. Miye najua bahari tu.” Ukatoa kisu, ukayakata manyoya yako palepale. Tangu hapo wakakuita Mlaghai Samaki, na jina hilo ulikwenda nalo kaburini.

Siku ya maziko kaka yako aliuliza kama yupo anayekudai. Watu walijibu kwamba hayupo. Mimi nilijua kwamba wewe ndiye unayenidai, nikaendelea kutia udongo.

Na sikukoma. Mwezi uliopita Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, alivua gatini kwa unyoya uliofanana na wako, nami nikamsifu kwa ustadi wake. Mzee Faki, aliyenisikia barazani siku ile, akaniinamia sikioni: “Kumbe samaki wa mzungu hawadanganywi, Mwalimu?” Nimewasahihisha watoto wa watu miaka thelathini; siku hiyo nilisahihishwa mimi.

Hamadi, ningeweza kuja kwako kukuomba radhi ungali hai, kwani tulikuwa tumetengwa na ua wa makuti tu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Sasa sijui kama radhi yako yaweza kunifikia.

Kwa heri, ndugu yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitasimama barazani pale nilipokuaibisha, Makame akiwapo, nami nitasema kwamba siku ile sikusema kwa elimu, bali kwa kijicho. Sitatafuta neno laini zaidi ya hilo. Wakinicheka, nitabaki nimesimama mpaka wamalize.

Jirani yako,
Khatibu