Uchovu wa Fundi Wanjala

Kawangware, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti linakuruhusu kufika kanisani. Mimi niko sawa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huuliza tu kama nimekula, kisha mtandao unapotea.

Uliniuliza kwa nini bado nazungukia wagonjwa wa korona, na korona iliisha. Mama, kuna watu haijawaachilia. Kila Jumanne, nikimaliza zamu yangu ya uuguzi kliniki, natembea hadi Gatwekera, kule Kibera, kumwona fundi wa vitanda anayeitwa Wanjala. Aliugua, akapona, akabaki amechoka. Akienda bombani tu, anahema kama aliyepanda mlima. Hukaa mlangoni akitazama jua likitembea juu ya mabati, nami hukaa naye. Tunavuta pumzi kwa pua, tunaitoa polepole kama mtu anayepoza chai. Wakati mwingine kelele za mtaa huenda mbali kabisa, nisijue ni nani anamfundisha mwenzake kupumua.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta mkewe, Mama Neema, anakunja nguo zake kwenye begi.

"Sista, huyu anajifanya," akaniambia. "Picha ya kifua ilikuwa sawa. Wengine waliugua na wakarudi job. Mimi naenda kwetu."

Wanjala aliinuka, akaenda kwenye meza yake ya kazi, nadhani aonyeshe kwamba anaweza. Akachukua randa, akaipitisha juu ya ubao mara moja, akasimama. Akaigeuzageuza mkononi kama kitu alichookota njiani.

"Sista," akasema, "hii inaitwaje?"

Ameishika kila siku tangu ujana wake, Mama. Mama Neema aliacha begi, akaenda kusimama karibu naye.

"Ni randa, Baba Neema." Kisha, kwa sauti ndogo, "Imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu ile homa. Niliogopa kukuambia."

Hakwenda kwao. Niliwaeleza wote wawili kwamba ugonjwa huu huacha ukungu kichwani, na kujilazimisha humrudisha mtu nyuma. Afanye kidogo, apumzike kabla nguvu hazijaisha. Sasa yeye hupima na kuchora, mkewe hukata.

Jumanne iliyopita nilikuta wamemaliza kigoda, kimeinama upande kidogo. Wanjala alikuwa amelala mkekani, vumbi la mbao kwenye nyusi, mkewe akimpepea kwa kadi ya kliniki.

"Leo nimechoka, Sista," akasema, macho ameyafumba. "Lakini huu ni uchovu wa kazi. Huu naujua."

Nisalimie Baba, na dada anayekupikia, na mjomba mwalimu. Mwambie mwandiko wangu bado ni ule ule alioulalamikia. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Rispa