Jina Jekundu la Mama Lin

Jumapili, Yeoville. Kuna upepo wa baridi, na moyo wangu nao umepoa.

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, nakusalimu wewe wa kwanza, maana ndiwe unayewasomea wengine. Nakusalimu shemeji Bahati na mgongo wake unaomsumbua. Namsalimu mdogo wetu Dieudonné, mke wake, na kichanga chao ambacho bado sijakibeba. Nisalimie Mama Zawadi wa jirani, kama ananikumbuka. Sisi huku ni wazima. Binti yangu Neema ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Anasema niandike tu, hata herufi zikigombana.

Leo nimelia kwenye kaburi la watu.

Mnamjua Mama Lin, yule bibi wa Kichina ninayemfulia na kumpikia. Kila mwaka mwezi huu Wachina wanakwenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Kwao majani yanachipua. Hapa Joburg yanaanguka, lakini wanakwenda hivyo hivyo. Safari hii magoti yamemkataa, akaniomba nimsindikize na binti yake. Tukabeba ndoo, machungwa, kuku mzima wa kuchemsha na karatasi wanazowachomea wafu wao.

Jiwe la mume wake lilikuwa na vumbi. Mama Lin akipanga machungwa, mimi nikapiga magoti nikasugua kwa brashi ya waya. Maandishi ya upande mmoja yalikuwa ya dhahabu, ya upande wa pili mekundu. Nikadhani wahuni wamepaka rangi. Nikaisugua ile nyekundu mpaka ikaanza kutoka.

Binti yake akanishika mkono, uso umembadilika. Akanieleza kwamba jiwe ni la wawili, baba na mama. Aliye hai jina lake hupakwa nyekundu. Siku akifa ndipo rangi ile inabadilishwa.

Yaani nilikuwa namzika mama wa watu, naye amesimama pale na machungwa mkononi.

Nilitamani nitoweke. Mama Lin akalitazama jiwe, akanitazama mimi, halafu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Una haraka gani, Mama Neema? Supu yako ya jana sijaimaliza."

Kumbe walikuja na kichupa cha rangi, kila mwaka wanaipaka upya. Akanipa mimi brashi ndogo. Nikalirudisha jina lake mstari kwa mstari, maandishi nisiyoyajua.

Nilipomaliza akaniuliza jina la mama yangu kaburini lina rangi gani.

Nikadanganya. Nikasema jeupe.

Nitajuaje mimi? Mama yetu alizikwa huko Bukavu mimi niko huku, karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kurudi. Nilimzika kwa simu, mtandao unakatikakatika. Machozi yakanitoka, nikashindwa kuyazuia. Mama Lin akanipa chungwa moja, akanionyesha mahali pembeni penye nyasi nimwekee Mama.

Nikaweka. Lakini Mama hajui njia ya kuja huku.

Yaya, nimekuuliza mara nyingi. Kila nikitaja kaburi unaniambia mvua ilikuwa nyingi, halafu unaniuliza Neema anasomaje. Nasikia kilima alipozikwa kiliporomoka. Wewe hujaniambia.

Kama kaburi lipo, nenda ung'oe majani, unipigie picha. Kama halipo, sema halipo. Sitakugombeza. Najua umelibeba peke yako ili mimi nisilie.

Nijibu upesi, yaya, hata kwa neno moja. Simu iko mfukoni mwa aproni, na kila ikitikisika naacha sahani kwenye maji.