Baiskeli ya Baba Ibaki Huko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limetulia kidogo tangu mvua zikatike. Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina. Nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Nimepata salamu zako kwamba mdogo wangu anakuja kuanza chuo, na kwamba anataka kuja na baiskeli ya marehemu baba kwa sababu niliwasifia njia mpya ya baiskeli ya huku. Ni kweli niliisifia. Mdomo wangu unaujua, mama. Niliwaandikia kwamba kazi yetu ya kuchora mistari ya barabarani sasa ina heshima, kwamba nimechora njia kutoka mtaani kwetu hadi hospitali. Nilijipiga kifua utadhani barabara ni ya babu yangu.

Yaliyobaki sikuyaandika. Kwenye ramani ya kwanza kulikuwa na ukingo wa zege kati ya baiskeli na magari. Msimamizi wetu akasema ukingo utakuja baadaye, tuchore kwanza. Tukachora. Na ajabu, watu wakatoka! Baiskeli zilizokuwa zimetundikwa ukutani zinashika vumbi zikashushwa, fundi wa pale kona akakosa hata muda wa kula, na wanawake walioapa hawataikanyaga barabara ile wakawa wanapita wakicheka. Mstari tu, mama, upana wa kiganja.

Mkweo naye akatoka. Unajua alivyokuwa mwoga wa magari. Kazini kwake hospitali alikuwa anakwenda kwa miguu, anafika amechoka kabla hajamhudumia mgonjwa hata mmoja. Aliniuliza kama njia ile ni salama kweli. Nikamjibu kwamba aliyeichora ni mume wake, sasa anataka usalama gani tena? Akacheka, akanunua baiskeli ya kijani.

Malori ya kiwanda cha unga yalikuwa yanaegeshwa juu ya mstari ule kila asubuhi, maana rangi haimzuii dereva. Siku moja mkweo alitoka nje ya mstari alizunguke lori moja, basi la abiria likamgonga. Yuko hai, mama, usipige yowe. Lakini mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Muda wote huu nilipokuambia hajambo, nilikuwa nakuficha. Nisamehe, kila nikishika kalamu niliishia kwenye salamu.

Na bado sijamaliza. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilivaa koti langu la kazi, nikabeba rangi nyeusi, nikapanga koni, nikaufuta mstari wote mchana kweupe. Hakuna aliyeniuliza kitu. Askari wa barabarani alinisimamishia magari na kunipa pole ya jua. Kesho yake baiskeli zikapungua, na haukupita muda zikaisha kabisa. Fundi wa kona sasa anauza mkaa. Kibarua changu nacho kimeota nyasi, ila hilo halinisumbui.

Nilidhani mkweo atanishukuru. Kumbe alikuwa anangoja apate nguvu aende ofisi ya barabara kuwadai ule ukingo. Alikwenda hivyo hivyo, na magongo yake, nami nyuma nimembebea mkoba. Ofisa alimsikiliza vizuri tu, akampa na kiti. Kisha akamwonesha barabara kupitia dirishani, akamuuliza ukingo huo ni wa nani, wakati hapapiti baiskeli hata moja. Mkweo akageuka. Alinitazama mimi. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu, basi.

Kwa hiyo mdogo wangu aje, chumba chake nimekwisha kipiga rangi, lakini baiskeli ya baba ibaki huko. Atatembea. Akichelewa darasani, achelewe.

Nisalimie wote nyumbani, na jirani yako mcheshi umwambie utani wake nimeukumbuka. Mkweo anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie kwamba baiskeli ije, hata iwe moja, wale wa ofisini waione ikipita. Nimemkatalia. Akikuandikia yeye mwenyewe, mama, nakupigia magoti, usimsikilize.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
anayekuwaza kila siku.