Macho Yangu, Usukani Wangu

Jumanne, 4 Machi
Leo nusura nimgonge mtu wa baiskeli. Sikumwona kabisa! Nilikuwa namtoa dada yangu kliniki, amechoka na matibabu yake. Yeye ndiye aliyepiga kelele. Nikakanyaga breki. Yule bwana akapiga boneti kwa kiganja, akauliza kama macho nimeyaacha nyumbani. Nimeomba radhi.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu kasikia. Anataka funguo. Eti miaka sabini na mbili inatosha, mama, kuna teksi. Nikamjibu miaka haiendeshi gari. Tumenuniana mchana kutwa. Lakini kusema kweli — siku hizi napigiwa honi sana. Jioni taa za wenzangu zinanipofusha, nami nawalaumu wao. Mimi mkunga, niliyekuwa nikiwagombeza wajawazito wasinifiche dalili!

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda shule ya udereva. Kwa miguu! Nikamwambia mwalimu: nipime, usinionee haya. Mwalimu mwenyewe binti mdogo, mkali kama pilipili. Tumezunguka mitaa. Kasema breki safi, mwendo safi, ila bibi, shingo yako haigeuki, na upande wa kulia huoni vizuri. Nisishike usukani mpaka nionwe na daktari wa macho. Nimeudhika hadi kona ya pili. Kisha nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Mtoto wa jicho! Daktari kasema anaondolewa. Nimempa binti yangu funguo kwa mkono wangu — safari hii hakuniomba. Sasa yeye ndiye anampeleka dada kliniki. Mimi nakaa nyuma kama bosi.

Jumamosi, 26 Aprili
Jicho limepona, daktari kaniruhusu. Kumbe ukuta wa jirani ni wa bluu! Shingo naizoeza kila asubuhi, mume wangu ananiita bundi. Sasa niko ndani ya gari la shule ya udereva, mwalimu anajaza upepo gurudumu. Binti yangu kaketi nyuma, kafunga mkanda. Leo mwalimu ananipima tena, hatanielekeza. Tukirudi atasema aliyoyaona, nami niseme yangu. Nikiona siwezi, nitakuwa wa kwanza kutamka. Jana nilimwambia dada hivyo. Kasema basi kliniki ya Alhamisi ananingoja mimi, si teksi.
Mwalimu kaingia. Anauliza, bibi, twende? Nimemwambia subiri kidogo, nasogeza kiti kwanza, halafu vioo, halafu naweka kalamu.