Ile nafasi tupu katikati ya maneno mbili

Butembo, mardi, kisha magaribi

Askari balimuvunja Muhindo, mudogo wangu, vidole.

Na juu ya nini? Juu ya nafasi tupu! Patron wetu, mbele ya kukimbilia Kampala, aliita dossier moja, ile folda ya ordinateur, «Depot Cafe». Programme yenye inatoshaka karatasi za kupitisha ma-camion ya kahawa iko mule ndani. Mais ile mashini ni ya zamani. Ukiiandikia njia ya kufikia dossier, ikikuta nafasi katikati ya maneno, inasimama pale. Inatafuta «Depot» tu, inakosa, inaandika «incorrect».

Commandant wa bale askari, mwenye alikuja kutaka karatasi ya camion yake ya kahawa, akasoma. «Muko nanichezea?» Askari wake akakamata mukono wa Muhindo, akaulaza ku meza, akapiga na kitako cha bunduki. Nilisikia mifupa.

«Yaya, fanya mbio!» Muhindo alilia.

Hapo ndiyo nikakumbuka: mashini yenyewe inapatiaka kila jina refu jina fupi, na alama ya wimbi ku mwisho. Ile alama haiko ku batani za clavier yetu. Nikafinya Alt, nikaandika 126. DEPOTC~1. Karatasi ikatoka.

Mungu wangu, Commandant alicheka! Hakuangalia hata kitu nilichoandika. Akapiga askari wake ku bega: «Umeona? Mashini nayo inaogopaka fimbo.»

Kesho batarudi na camion ingine. Muhindo hana tena mukono wa kupiga. Mashini ikikatala, donc, ni wangu.